Mtoto Asipimwe kwa Fimbo

Enyi wazazi na walimu wa Shinyanga na Geita, nina neno nanyi. Katika shule zilizo jirani na machimbo wapo watoto ambao tumekwisha kuwabandika majina: mvivu, mtukutu, kichwa kigumu. Mmoja wao akiagizwa mambo matatu, hufanya la kwanza, mengine yakampotea. Hujibu kabla swali halijaisha. Nasi hukimbilia fimbo.

Twakosea. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, hufanya kazi kama msimamizi wa duara, yaani shimo la wachimbaji: huamua nani ashuke, nani asubiri, lini kazi isimame. Wachimbaji wawe hodari namna gani, msimamizi akilegea mawe hayafiki kwenye karasha ya kuyasaga. Mtoto huyo aweza kuwa na akili njema kabisa. Kilicholegea ni usimamizi, na huo hautengenezwi kwa viboko.

Njia ya kuujua ni kumpima. Mtaalamu humtajia mtoto tarakimu azirudie, kisha azirudie kinyumenyume. Anayeziweza kwa mfululizo lakini akakwama kinyume, huenda shida yake ni kushika jambo akilini huku akiligeuza. Tena huonyeshwa picha ya jua na kutakiwa aseme “usiku”, na ya mwezi aseme “mchana”. Hapo huonekana kama aweza kulizuia jibu linalomjia mbio.

Upimaji wa aina hii si mgeni huku. Mwaka 2003 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki walifika Rwamagasa, Geita. Mbali na damu na mkojo, waliwapa wachimbaji na wachoma dhahabu majaribio ya kumbukumbu na ya wepesi wa mikono, wakawalinganisha na watu wa Katoro wasiochimba. Ikiwa mtu mzima alistahili hayo, je, mtoto ambaye dhahabu huchomwa jikoni kwao? Mvuke wa zebaki iliyonasa dhahabu hiyo huingia mapafuni, ukafika kwenye ubongo, na ubongo unaokua ndio huumia zaidi.

Lakini tusiitwike zebaki kila mzigo. Iko njaa, uko usingizi wa mtoto aliyekesha mwaloni kwenye kuosha dhahabu, iko malaria. Huko Kilifi, Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo wakaona baadhi yao wamebaki na upungufu wa kumbukumbu na lugha. Bila kupima, tutawezaje kutofautisha?

Na kipimo chenyewe kisigeuke fimbo nyingine. Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma aulizwe kwa Kisukuma. Huko Bagamoyo, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwapima watoto, wakawafundisha kidogo namna ya kuyakabili maswali, wakawapima tena, alama zikapanda. Jaribio la mara moja lingewadhulumu.

Halmashauri zetu hupata fedha kutokana na dhahabu. Madarasa tunayajenga, na ni vema. Sasa tudai pia walimu wapelekwe Chuo cha Patandi, Arusha, wakasomee elimu maalumu, ili kila kata ipate angalau mmoja wa kumtambua mtoto huyu na kumwelekeza hospitali. Wakati tukidai, mwalimu atoe agizo moja moja na kuliandika ubaoni. Na baba auondoe moto wa kuchomea dhahabu nyumbani, leo hii, autenge mbali na watoto na mama mjamzito.