Dhahabu inaiona sumu, soko letu halioni

Msimu wa mavuno, nenda soko la mahindi la Kibaigwa mkoani Dodoma. Mnunuzi huchoma gunia kwa bambo, huzitazama punje kiganjani, kisha huuma moja kujua kama imekauka. Akiridhika, biashara imekwisha. Lakini sumukuvu haionekani kwa macho wala haisikiki kwenye jino.

Gharama yake tunaijua. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, hasa maeneo ya Makueni na Kitui. Mwaka 2016 zamu ikawa yetu: watu wapatao 20 walipoteza maisha Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda, kisha ikayaruhusu kwa sharti la cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Katika gunia la kilo 100, hiyo ni miligramu moja tu.

Kinachoweza kuona kiasi kidogo namna hiyo ni dhahabu. Ikitengenezwa kuwa chembe za nanomita 40 hivi, yaani chembe 25,000 zikipangwa mstari ndiyo zinafikia milimita moja, huacha rangi ya manjano na kuwa nyekundu. Mwanga ukizipiga, elektroni zake hutikisika kwa pamoja; mtikisiko huo wanasayansi wanauita plasmoni. Kitu kidogo kikinata juu ya dhahabu hiyo, mwanga hubadilika na mashine husoma badiliko hilo. Mashine za aina hii ziliingia sokoni mwaka 1990 kutoka Sweden, na hadi leo watafiti wanabuni maumbo mapya ya dhahabu ili kunasa sumu iliyo kidogo zaidi.

Ndugu yao wa bei nafuu ni ukanda mdogo unaofanana na kipimo cha mimba. Mahindi husagwa, unga huchanganywa na kimiminika kinachovuta sumu, kisha ukanda huchovywa. Mahindi yakiwa safi, chembe za dhahabu hunasa na kuchora mstari mwekundu. Sumu ikiwamo, huziwahi chembe hizo na mstari hufifia. Jibu hupatikana kwa dakika chache.

Wapo wanaoamini kwamba tukileta vipimo vikali zaidi tatizo litakwisha. Sikubaliani nao. Gunia moja lina punje zaidi ya laki mbili, na sumu hujificha katika punje chache. Ukichota kiganja kimoja unaweza kuzikosa zote. Kipimo kitasema kweli kuhusu kiganja na uongo kuhusu gunia. Kabla ya kununua mashine ya mamilioni, tununue bambo ndefu, mashine ya kusaga sampuli, na tumfundishe karani kuchota kila gunia.

La pili ni nani alipe. Tuchukulie kipimo kimoja ni shilingi 15,000. Mwenye magunia matatu atalipa shilingi 5,000 kwa gunia, hawezi. Majirani kumi wakikusanya magunia 30 na kupima sampuli moja ya pamoja, ni shilingi 500 kwa gunia. Sampuli ikikataliwa, ndipo apimwe mmoja mmoja. Kazi hiyo mahali pake ni ghala la chama cha msingi, kabla mahindi ya watu hayajachanganywa. Tukisubiri mpakani, uchafu wa mmoja unakuwa hasara ya lori zima.

La tatu, na ndilo kubwa, ni bei. Leo aliyeanika juu ya turubai na aliyeanika juu ya udongo wanalipwa sawa. Kupima bila kulipa zaidi kwa mahindi safi ni kumwongezea mkulima gharama tu. Wanunuzi wakubwa, Serikali ikiwa mmojawapo, watangaze bei mbili kabla ya mavuno.

Watenge pia fedha za kununua na kuteketeza mahindi mabovu. Mkulima aliyekataliwa gunia bila fidia hana sababu ya kulitupa. Atalirudisha nyumbani, alisage, na watoto wake watalinywa kama uji. Hapo kipimo kitakuwa kimemlinda mnunuzi, na kuiachia sumu familia iliyoyalima.