Mkaa usio na moshi nao unaua

Nimekulia Makete, mkoani Njombe, ambako Juni na Julai unaamka ukakuta nyasi nyeupe kwa jalidi. Jioni mama aliwasha jiko nje, akalipepea hadi mkaa ukawa mwekundu na moshi ukaisha, ndipo akaliingiza chumbani tulikolala. Sote tuliamini kwamba kinachodhuru ni moshi.

Imani hiyohiyo niliikuta Houston, Texas, Februari 2021, mlangoni kwa jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Uvira. Umeme ulikatika usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15, katikati ya dhoruba ya baridi kali. Texas ina gridi yake yenyewe, iliyounganishwa kidogo mno na ya majimbo mengine. Visima na mabomba ya gesi yaliganda, mitambo ikazimika, na ili gridi nzima isianguke, mamilioni ya nyumba zikakatiwa umeme. Nyumba za huku zimejengwa kukabili joto. Kufikia Jumanne mabomba yalikuwa yamepasuka darini, maji yanachuruzika ukutani.

Nilimkuta jirani ameshika jiko la kuchomea nyama, mkaa umekolea. "Dada, watoto wanatetemeka. Moshi umeisha, naingiza tu." Nikasimama mlangoni, sikumpisha.

Nilikuwa nimeyajua haya miaka michache tu nyuma, nikifanya usafi hospitalini. Mkaa unapowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, hata ukiwa mwekundu kabisa. Ukiivuta, hung'ang'ania damu na kuinyima oksijeni. Kichwa kinagonga, kichefuchefu kinakuja, usingizi unakulemea. Mtu aliyeshinda kwenye baridi hudhani ni uchovu, anajifunika, analala. Haamki. Kwa hesabu ya jimbo, dhoruba ile iliua watu 246, wengi wao kwa baridi yenyewe, na 19 kwa gesi hii. Wapo walioingiza majiko ndani, wapo waliokaa ndani ya gari linalonguruma gerejini.

Linaloniuma mpaka leo ni kwamba maonyo yaliyofika kwenye simu zetu yalikuwa kwa Kiingereza na Kihispania. Jirani yangu anasoma Kiswahili na Kifaransa. Wenyeji waliompokea walimpa makoti na mablanketi, wakamwonyesha kituo cha basi. Kuhusu jiko hakuna aliyemwambia neno. Kila anayepokea wakimbizi anapaswa kulisema hili kwa lugha yao siku anayowakabidhi funguo za nyumba. Na sisi tuliotangulia, makanisani na misikitini, tusingoje kuagizwa.

Wala si la ughaibuni peke yake. Limuru, Lushoto, Bukavu na kwetu Makete, kuna nyumba ambazo usiku huu jiko litaingizwa chumbani na dirisha kuzibwa kwa kanga. Zahanati inayompima mama mjamzito inaweza kumweleza hili kwa dakika 2.

Jiko la jirani tuliliacha barazani. Tulichemsha maji, tukayajaza kwenye chupa, tukazifunga kwa vitambaa na kuwapa watoto wazikumbatie. Tulilala watu 7 kwenye magodoro 2, chumba kimoja. Umeme uliporudi, nilimwomba arekodi ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili chao cha Kivu, awaeleze wenzake kuhusu mkaa. Kila Novemba nautuma upya kwenye makundi yetu ya WhatsApp.