Usimfanye Mdogo Wako Mshika Tochi



Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama ba'ad:

Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, leo nina ugomvi na kaka wakubwa na dada wakubwa. Nasema na wewe unayejua kutengeneza redio, chaja, taa ya sola au spika, na una mdogo wako nyumbani anayekuzunguka kila unapofungua kifaa. Unamfanyia nini mtoto yule? Wengi wenu jibu lenu ni moja: "Shika tochi. Usiguse."

Mimi nilikuwa mshika tochi, na nitawaeleza nilichokipata.

Nimezaliwa Buyenzi, hapa Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya barazani na mafundi wako kila kona. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kaka yangu mkubwa alikuwa akitengeneza redio za kaseti nyumbani kwetu. Jioni baada ya chuo nilikaa kando yake nikimmulikia. Miaka mitatu nilimmulikia. Nilijua harufu ya lehemu, nilijua jina la kila kidude, nilijua hata ni redio gani itamchukua usiku mzima. Lakini chuma cha kulehemia sikuwahi kukishika hata mara moja. Nikinyoosha mkono, anaupiga kofi: "Utaharibu kitu cha watu!"

Mwaka 1993 vita vikaanza. Kaka akavuka kwenda Tanzania, akaacha sanduku lake la vifaa chini ya kitanda. Haikupita miezi mingi redio ya mama ikanyamaza. Siku zile redio haikuwa ya kuburudisha. Mama aliitegemea kujua barabara ipi ina usalama na wakimbizi wamefika wapi. Nikafungua kifuniko, nikauona ugonjwa pale pale: waya mwekundu wa betri umeachana na ubao. Kazi ya dakika mbili. Nikalitoa sanduku la kaka, nikakishika chuma kwa mara ya kwanza maishani mwangu, peke yangu, hakuna wa kuniambia neno.

Nikayeyusha lehemu kwenye ncha, nikaidondosha juu ya waya kama mtu anayedondosha nta ya mshumaa. Ikaganda juu juu, ikabanduka. Nikarudia. Ikabanduka. Nikakandamiza chuma kwa nguvu na kukiacha pale pale, mpaka ule mstari mwembamba wa shaba ukanyanyuka kwenye ubao na kukatika. Redio ikafa kabisa.

Mama hakunigombeza. Aliuliza tu: "Si ulikuwa unakaa naye kila siku?"

Ndugu msomaji, swali hilo ninalo mpaka leo.

NANI AMEJIFUNZA KUSOMA KWA KUSIKILIZA TU?

Mimi ni mwalimu wa madrasa, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na kitu katika kazi hii. Nipeni mwanafunzi mmoja tu aliyejua kusoma Qur'an kwa kumtazama mwalimu akisoma. Hayupo. Mwalimu husoma, kisha mwanafunzi husoma mwenyewe mbele yake, ulimi unakwama, anasahihishwa, anarudia. Kosa lake linatokea mbele ya mtu anayelijua, na hapo ndipo elimu inapoingia.

Sasa kwa nini jambo tunalolijua vizuri chuoni tunalisahau barazani? Kulehemu ni kazi ya mkono. Macho hayawezi kuona joto. Macho hayajui chuma kikae sekunde ngapi. Mimi kwa miaka mitatu nilimwona kaka akigusa waya kwa chuma na kwa uzi wa lehemu, nikadhani lehemu inayeyuka kwenye chuma. Kumbe siri yote ilikuwa hapo: unapasha moto kiungo chenyewe, waya na shaba kwa pamoja, kisha unagusisha uzi wa lehemu kwenye kiungo, nao unayeyuka kwa joto la kiungo na kuenea wenyewe. Kama kaka angenipa chuma dakika tano, ningekosea, angeniambia, na redio ya mama ingelia.

Ufundi si jambo la kudharauliwa katika dini yetu. Tunawafundisha watoto kwamba Nabii Daud ('alayhis salaam) alilainishiwa chuma akatengeneza deraya, na kwamba alikula kwa kazi ya mkono wake. Tunawafundisha kwamba Nabii Zakariya ('alayhis salaam) alikuwa seremala. Na katika tarehe yetu wako wana wa Musa bin Shakir, ndugu watatu wa Baghdad: Muhammad, Ahmad na Hasan. Baba yao alifariki wangali wadogo. Katika karne ya 9 ndugu hawa waliandika kitabu cha vyombo vya ajabu chenye vyombo kama mia moja, na kilipewa jina lao kwa pamoja. Huko London nako, mwaka 1810, kijana Michael Faraday alikuwa akijifunza kujalidi vitabu na hakuwa na fedha za kuhudhuria mihadhara ya sayansi. Kiingilio kilikuwa shilingi moja kila mhadhara, na aliyemtolea ni kaka yake Robert, mhunzi. Mwaka 1831 Faraday aligundua namna sumaku inavyozalisha umeme, na majenereta ya leo yanafanya kazi kwa kanuni hiyo. Kaka mhunzi alitoa shilingi. Wewe unashindwa kutoa dakika tano za chuma chako?

VISINGIZIO VYENU

Kisingizio cha kwanza: "Ataungua." Ndiyo, huenda akaungua kidogo. Lakini hebu tazama jikoni kwako. Msichana wa miaka 12 unamkabidhi karai la mafuta ya kukaangia sambusa, na mafuta yale yana joto la sentigredi 180 hivi. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye sentigredi 183. Ncha ya chuma yenyewe ni ya moto zaidi, hufika 350, lakini ni ncha ndogo kama ya kalamu, wala haimwagiki. Karai la mafuta likipinduka ni msiba. Mtoto hukulizuia karai kwa sababu unataka sambusa. Sema ukweli: si moto unaouogopa.

Kisingizio cha pili: "Ataharibu kitu cha mteja." Nani kakuambia umwanzishie kitu cha mteja? Kwenye boksi lako kuna redio mbovu na chaja zilizokufa ambazo hata wewe hutazitengeneza. Hizo ndizo ubao wake wa kujifunzia herufi. Abandue, arudishie, aharibu, arudie.

Kisingizio cha tatu: "Yeye ni msichana." Haya, nijibu wewe mwenyewe: umeme ukikatika na taa ya sola imekufa, na wewe uko safarini, nani yuko nyumbani? Mama yako na dada yako. Umewanyima elimu wale wale watakaobaki gizani.

Kisingizio cha nne hakisemwi kwa sauti, nacho ndicho kibaya kuliko vyote: "Akijua, nitakuwa sina changu." Fundi anaona ujuzi wake ni mali ya kufichwa hata kwa ndugu wa tumbo moja. Huu ni ubakhili, na ni ubakhili wa kipumbavu, kwa sababu fedha ukitoa hupungua, lakini elimu ukitoa unabaki nayo yote na unaongezewa msaidizi.

JINSI YA KUMKABIDHI

Nisije nikaambiwa nalaumu tu bila kuelekeza. Fanyeni hivi.

Kwanza, aanze na betri, kamwe asianze na umeme wa ukutani. Mpe betri ya volti 9, kitaa kidogo chekundu cha LED, na rezista ya omu 470 ya kupunguza umeme ili kitaa kisiungue. Kitaa na rezista avilehemu kwa waya, kisha aviunge na betri. Kitaa kisipowaka, ageuze miguu yake, kwa sababu LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Televisheni za zamani za kioo kikubwa asizifungue, kwani zinaweza kuhifadhi umeme wa kuua hata zikiwa zimechomolewa. Na asilehemu juu ya betri ya simu, maana joto linaweza kuilipua.

Pili, mfundishe usafi kabla ya moto. Waya ukwanguliwe mpaka ung'ae. Ncha ifutwe kwa sponji yenye maji kidogo. Chuma kiguse kiungo, lehemu iguse kiungo, uondoe lehemu kwanza kisha chuma, na kiungo kisitikiswe mpaka kigande. Yote ni sekunde mbili au tatu. Kiungo kizuri cha lehemu ya risasi hung'aa na kukumbatia waya kama mteremko wa kilima. Kibaya huwa kama kitonge kilichokaa juu.

Tatu, mlinde. Ule moshi si wa risasi, hutoka kwenye dawa iliyomo ndani ya uzi wa lehemu, nao hudhuru mapafu, hasa kwa mwenye pumu. Kwa hiyo mkae penye upepo na asiinamie juu ya kazi. Risasi yenyewe hupitia mikononi kwenda mdomoni, na kwa watoto ni sumu mbaya zaidi. Basi asile wala asinyonye kidole akiwa kazini, na akimaliza aoshe mikono kwa sabuni. Ukipata lehemu isiyo na risasi, kwa mtoto hiyo ndiyo bora, ingawa inataka joto zaidi. Akiungua, kidole kiwekwe kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno si dawa ya moto.

Nne, na hili ndilo gumu kwenu: chuma kiwe mkononi mwake, na tochi iwe mkononi mwako. Ukiona anakosea, sema kwa mdomo. Usimpokonye.

NILICHOKIONA NYUMBANI KWANGU

Msidhani nawasema ninyi tu. Mwaka jana nilipita mlangoni, nikamsikia mwanangu mkubwa, mwenye miaka 19, akimwambia mdogo wake wa kike: "Shika tochi. Usiguse." Tochi ya leo ni ya simu, lakini maneno ni yale yale, na hakuyatoa mbali. Aliyasikia kwangu.

Nikamwambia, "Mpe."

"Baba, ataunguza."

"Na wewe uliunguza mangapi?"

Akacheka, akampa. Kiungo cha kwanza kilikuwa kitonge. Cha pili kitonge. Cha tatu, kaka akamwambia, "Pasha waya, usipashe lehemu," na lehemu ikaenea. Mtoto alipiga kelele mpaka mama yake akatoka jikoni. Baadaye alilehemu waya wa kipaza sauti cha madrasa yetu. Baada ya wiki moja ukaachia. Akaulehemu tena mwenyewe, na mpaka naandika haya umeshika.

Usiku ule nilimpigia simu kaka yangu. Yuko Tanzania bado, ni mzee sasa, macho hayamsaidii kwa kazi ndogo ndogo. Nilimuuliza nilichotaka kumuuliza tangu utotoni: "Kaka, kwa nini hukunipa hata mara moja?"

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Nilidhani muda upo."

Enyi kaka na dada wakubwa! Muda haupo. Safari inakuja, ndoa inakuja, macho yanadhoofika, na mauti hayabishi hodi. Leo jioni, kabla hujafunga boksi lako, mwite mdogo wako. Mpe chuma. Wewe mulika.

Allah atujaalie tuwe wenye kunufaisha kwa tunayoyajua, na awape wadogo zetu zaidi ya tulivyopewa sisi. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.