Pe ya Babu Haijafa

Wako waungwana wasemao kuwa hati ya Kiarabu, tuliyoandikia Kiswahili tangu enzi za mababu, imeuawa na kompyuta. Mimi sikubaliani nao.

Juzi nilianza kunakili utenzi wa marehemu babu yangu katika kompyuta ya Linux. Nilipofika penye neno "pepo", zile pe mbili zikatoka nene, zimekaa kando, kama mtu aliyeazima kanzu isiyo kimo chake. Kumbe fonti niliyoitumia, yaani faili la maumbo ya herufi, ilikuwa na zile 28 za Waarabu tu. Haikuwa na pe, wala che, wala ve. Mashine ikamwazimia babu herufi kwa jirani. Na jirani naye asipokuwa nayo, huchorwa kisanduku kitupu.

Mwanangu akaniambia, "Baba, si uandike kwa herufi za Kizungu yaishe?" Yaishe vipi? Ha ya "hamdu" na ha ya "hewa" babu alizitenga. Kizungu huziandika h moja.

Basi nikachukua Amiri ya Khaled Hosny, iliyofuata herufi za kiwanda cha chapa cha Bulaq, Cairo, za mwanzo wa karne ya 20, na Scheherazade New ya shirika la SIL. Zote ni bure. Faili zake za .ttf nikazitia katika folda ya .local/share/fonts, iliyo nyumbani kwangu mwenyewe, sikumwomba mtu ruhusa. Nikatoa amri ya fc-cache -f ili mashine izihesabu upya, nikaifunga programu ya kuandikia na kuifungua tena. Pe zikakaa sawa!

Tena si herufi za vitone, ambazo ukizikuza hutoka ngazi ngazi. Kila umbo ni mistari ya mapindo iliyowekwa kwa hesabu. Liandike kwenye bango au kijitabu, ukingo ni uleule laini. Na be ya mwanzo wa neno si be ya mwisho, fonti yalijua hilo.

Sasa niambieni, kosa ni la kompyuta? Wageni wamezichonga herufi zetu hata zile nukta tatu, nasi hatujazitia hata katika kompyuta za vyuo vyetu, kisha twaketi barazani twalia matanga.

Utenzi wa babu una kurasa 40. Nimefika ya 11.