Daftari la Shule Liingie Chumba cha Daktari

Mtoto mwenye umri wa kwenda shule anapoletwa kituoni, tunampima joto na uzito na, inapobidi, damu. Tunamwuliza mzazi kama mtoto anakula, analala na anapata choo. Ni nadra kuuliza anavyoendelea darasani, na ni nadra zaidi kuomba kuliona daftari lake. Kwa maoni yangu, hilo ni pengo katika uchunguzi wetu. Mwanafunzi wa shule ya msingi hutumia sehemu kubwa ya mchana mbele ya ubao, na mengi yanayousumbua mwili wake huonekana daftarini kabla ya kuandikwa katika faili la hospitali.

Tuchukue mfano wa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mkoani Singida. Wakazi wake wengi huishi kwa kilimo na mifugo: mtama, uwele, alizeti na vitunguu. Msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, na mavuno ya nafaka hupatikana unapokwisha. Shule hufunguliwa Januari, wakati ghala la nyumbani linapungua na palizi imepamba moto. Katika shule nyingi za vijijini, mtoto hufika akiwa ametembea mwendo mrefu, mkononi ana fagio au kidumu cha maji. Hufanya usafi, hukimbia mchakamchaka, husimama paredi, kisha ndipo huingia darasani. Mtoto huyo anapokosea hesabu saa tano asubuhi, si haki kuanza na hukumu kwamba hana akili.

Je, daftari linasomwaje? Kwanza, linganisha kazi iliyonakiliwa ubaoni na iliyonakiliwa kitabuni. Ikiwa ya kitabuni ni sahihi na ya ubaoni ina maneno yaliyorukwa na tarakimu zilizogeuzwa, pima macho, hata kama mtoto ameletwa kwa sababu ya kuumwa kichwa tu. Kibao cha herufi na nafasi ya mita sita vinatosha kuanzia. Pili, tazama imla. Mtoto anayenakili vizuri lakini anaandika imla ovyo huenda hasikii sawasawa. Chunguza masikio, na uulize kuhusu usaha. Usaha unaotoka sikioni kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu, na haufai kuachwa kwa matumaini kwamba mtoto atakua nao uishe.

Tatu, tafuta sentensi zinazokatika katikati, kalamu ikiteleza na mwandiko ukirejea mbele kana kwamba hakuna kilichotokea. Iko aina ya kifafa isiyomwangusha mtoto; humfanya aduwae kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku. Darasani huitwa mtoto wa ndoto. Nne, soma tarehe. Mapengo ya siku za mnada yanaweza kumaanisha kuchunga au kuuza. Mapengo ya siku chache kila mwezi kwa msichana wa darasa la sita au la saba yanatutaka tuulize kwa staha kuhusu hedhi, maumivu yake, taulo za kike na maji ya chooni. Kazi inayoanza vizuri asubuhi na kufifia kila siku kabla ya mchana inatutaka tuulize kuhusu chakula, na tuangalie upungufu wa damu, minyoo na kichocho.

Daftari halithibitishi ugonjwa. Linatuelekeza pa kuuliza. Mtoto aliyekulia katika Kinyiramba tupu anaweza kushindwa imla ya Kiswahili ilhali masikio yake ni mazima. Apimwe kwa lugha anayoijua. Yapo pia mambo yasiyoandikwa. Katika sehemu za ukanda wa kati na Bonde la Ufa, baadhi ya maji ya visima yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na mtoto aliyechekwa huficha kinywa na hukataa kusoma kwa sauti. Mzazi aelezwe kwamba hayo si matokeo ya uchafu, na kwamba kuchemsha maji hakuondoi floridi.

Nayajua mapingamizi. Mhudumu atasema foleni ni ndefu. Mwalimu naye atasema kwamba tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa yamefurika, na uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 ni wa kwenye waraka zaidi kuliko darasani. Yote ni kweli. Hata hivyo, kufungua kurasa tatu za daftari huchukua dakika mbili, nasi hutumia zaidi ya hizo kuandika dawa ya maumivu ya kichwa kwa mara ya nne. Mwalimu hatakiwi kuwa tabibu. Anatakiwa aandike mistari miwili, kwa mfano: "Anasogea ubaoni ili asome," naye mzazi aifikishe karatasi hiyo kituoni. Sisi, kwa ridhaa ya mzazi, tumrudishie jibu. Mwalimu asiyepata jibu ataacha kuandika.

Kuna tatizo moja ambalo vidonge havitalitibu, nalo ni njaa. Siku ya kumeza dawa za kichocho, watoto huhimizwa wale kwanza, na wazazi na walimu hushirikiana ili chakula kipatikane. Kama jamii inaweza kupika uji kwa ajili ya kidonge cha siku moja, mkutano wa wazazi unaweza kujadili uji wa siku zilizobaki. Wakati wa kuahidi debe la nafaka ni baada ya mavuno, si Februari wakati kila kaya inahesabu vibaba. Mganga mfawidhi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wahudhurie mkutano huo na waeleze kile wanachokiona kituoni. Sauti yao ina uzito ambao mwalimu peke yake hana.

Ndugu mzazi, unapomleta mtoto kituoni, njoo na daftari lake, hata likiwa limechanika na limejaa alama za kukosea. Hasa likiwa limejaa alama za kukosea. Ndugu mhudumu mwenzangu, liombe kabla ya kushika kalamu. Fimbo haimpi mtoto macho, na kumketisha dawati la mbele ni msaada wa muda tu wakati akisubiri kupimwa. Mtoto asiyeona ubao akikaririshwa darasa la nne, atakariri akiwa haoni vilevile.