Wimbo Hauna Mizani

Neno "zilizopendwa" linaniudhi. Litazame vizuri. Ni la wakati uliopita, na halina mtendaji. Zilipendwa na nani? Tuliacha lini kuzipenda? Nani alizitunga? Neno lenyewe halikujibu, na nadhani ndiyo sababu linatufaa sana. Jumapili ikifika mtangazaji anaishusha sauti, anasema "hao ndio walikuwa wanamuziki," kisha anaachia nyimbo kumi mfululizo bila kutaja mtunzi hata mmoja. Sisi huku tunatikisa kichwa, tunaagiza soda nyingine.

Wacha nitaje mmoja basi. Daudi Kabaka. Alizaliwa Kyambogo, Uganda, mwaka 1939, wazazi wake wakiwa Wakenya. Akaja kuwa mfalme wa twisti Nairobi, kwenye studio ya Equator Sound ya Charles Worrod, pamoja na Fadhili William na wale Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Alifariki Novemba 2001, mwaka uleule aliofariki Fadhili.

Wamarekani wana hadithi yao wasiyochoka kuisimulia: Muddy Waters aliacha shamba la pamba Mississippi mwaka 1943, akaenda Chicago, akachomeka gitaa kwenye umeme, na bluzi ya kijijini ikawa muziki wa mji. Wameiandikia vitabu na kuitengenezea filamu. Sisi tuna hadithi inayokaribiana nayo, ila yetu tumeiachia vipindi vya Jumapili. Vijana wa Afrika Mashariki walifika Nairobi ya miaka ya 50 na 60 wakiwa na gitaa za nyumbani kichwani, wakakuta kwela ya Afrika Kusini, rumba ya Kongo na twisti ya Marekani, wakachomeka gitaa zao, wakaimba kwa Kiswahili ambacho hata mama muuza mboga angekielewa. Sikiliza "Msichana wa Elimu" au "Western Shilo". Gitaa moja linashikilia mwendo, lingine linamjibu mwimbaji kama jirani anayechungulia juu ya ua. Hakuna kelele, na hakuna anayejionyesha.

Mwaka 1968 kundi la Kiingereza, The Tremeloes, lilirekodi wimbo wa Kabaka "Helule Helule", ukapanda hadi nambari 14 kwenye chati ya Uingereza. Narudia: wimbo uliotoka Nairobi, nambari 14 Uingereza, 1968. Mwanafunzi wa Kenya anaweza kumaliza shule na chuo bila kuisikia habari hiyo. Mimi sikumaliza chuo, lakini hata miaka niliyokaa huko hakuna aliyeitaja.

Sasa nirudi hapa Butali, kwa sababu hapa tunaelewa kitu ambacho Nairobi wanajifanya hawaelewi. Hapa tunaelewa mizani.

Mkulima wa Kabras akikatiwa miwa, trakta haimwagi mzigo kiwandani hivi hivi. Inapita kwenye mizani. Tani zinaandikwa, jina linaandikwa, karatasi inatoka. Malipo yakichelewa, mkulima ana karatasi mkononi na ana mahali pa kupigia kelele. Viwanda viwili vya hapa, Butali na West Kenya, vilipelekana mahakamani miaka mingi kuhusu haki ya kusaga miwa ya eneo hili. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu anajua muwa una bei na una mwenyewe. Hujawahi kusikia mtu akisema "miwa iliyopendwa".

Wimbo je? Unapigwa baa, unapigwa kwenye matatu ya kwenda Webuye, unapigwa matangani usiku kucha. Na usidhani hakuna anayelipa. Mwenye baa hulipia leseni ya muziki, na mwenye matatu vilevile. Pesa inatoka hapa Butali. Kinachokosekana ni mizani: hakuna anayeandika ni wimbo upi umepigwa, mara ngapi, na ni wa nani. Kwa hiyo pesa ikifika Nairobi inakuwa kama miwa iliyomwagwa chungu moja, na mgawaji anagawa anavyoona. Mwaka 2019 wanamuziki wa Kenya walipiga kelele baada ya kugawiwa shilingi 2,530 kila mmoja. Aliyepigwa kila siku na ambaye hakupigwa kabisa, bei moja. Mgawo wa namna hiyo hauwezi kuitwa mrabaha. Hiyo ni nauli. Na vyama vya kukusanya pesa hizo vimekuwa vikivutana na Bodi ya Hakimiliki kuhusu leseni, mwaka nenda mwaka rudi.

Najua nitakachoambiwa. La kwanza: "Kabaka alishafariki, unadai pesa za marehemu?" Ndiyo, nazidai. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda utunzi wa muziki maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Piga hesabu mwenyewe. Tungo za Kabaka zinalindwa hadi mwisho wa 2051. Rekodi zenyewe, zile santuri za miaka ya 60, zina muda wao mwingine, miaka 50 tangu mwaka wa kurekodiwa, na huo umeshapita. Lakini rekodi na utunzi ni vitu viwili, kama vile gunia si mahindi. Yeyote anayekwambia nyimbo za Kabaka hazina mwenyewe, muulize anazungumzia gunia au mahindi.

La pili: "Wazee hao waliuza nyimbo zao wenyewe, walikunywa pesa." Jameni, hii hadithi ya pombe imetumika sana. Kila msanii akifa bila kitu tunakimbilia chupa, hatuulizi mkataba ulisema nini. Tazama Solomon Linda wa Afrika Kusini. Aliuza "Mbube" kwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962, na wimbo wake ukaizunguka dunia nzima ukiwa na jina lingine. Mabinti zake hawakukubali. Mawakili walifukua sheria ya Waingereza ya 1911 iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo, na mwaka 2006 wakapata mapatano. Kwa hiyo kuuza si mwisho wa maneno. Mwisho wa maneno ni pale watu wanapochoka kuuliza.

La tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu linatoka kwetu: "Kabaka ni wetu, Mluhya." Sawa. Wetu kwa lipi? Mtu aliyezaliwa Uganda, akapiga muziki na Wazambia, akaimba Kiswahili, tunamkumbatia kama wa kabila siku ya kujisifu tu. Wanasiasa huku wanajua sana kucheza "Harambee Harambee" wakipanda jukwaani. Kama ni wetu, tumtetee jinsi tunavyotetea bei ya muwa. Mheshimiwa anayegonga meza Bungeni kwa ajili ya sukari agonge mara moja kwa ajili ya nyimbo.

Na tusidanganyane kwamba ni kazi ngumu. Redio za leo zinapiga muziki kutoka kwenye kompyuta. Kila wimbo unaopigwa unaweza kubaki kwenye orodha, na saa yake. Mizani iko, imezimwa tu. Leseni ya redio isitolewe bila orodha hiyo kuwasilishwa, na orodha iwekwe wazi ili mtoto wa mtunzi asome mwenyewe, bila kumwomba afisa. Na mtangazaji ataje jina la mtunzi kabla ya wimbo. Hilo halihitaji sheria wala bajeti. Linachukua sekunde tatu.

Mimi naishi kwa kuandika makala, moja moja, na kusubiri malipo. Mtu anayeishi hivyo anajua tofauti kati ya kusifiwa na kulipwa. Kusifiwa tunawapa wazee hao kila Jumapili, bure. Wimbo ukiendelea kupigwa leo, bado unapendwa, na anayeupata bado anatakiwa kuulipia. Tuanze kwa kuacha hilo neno.