Baridi yabisi: jina linalomnyima mgonjwa chakula

Neno "baridi yabisi" lina umri mkubwa katika Kiswahili, na kila alitamkaye hudhani analielewa. Yabisi ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kukauka. Baridi twaijua sote. Nyuma ya maneno hayo mawili ipo elimu nzima ya tiba iliyoanzia kwa Wayunani, ikapita mikononi mwa mabingwa kama Ibn Sina, ikavuka bahari hadi pwani yetu: elimu iliyoyagawa maradhi na vyakula katika moto na baridi, unyevu na ukavu. Waliolitumia jina hili mwanzo hawakuwa wajinga. Walisema, kwa sayansi ya zama zao, kwamba viungo vya mgonjwa vimeingiwa na baridi vikakauka. Lakini elimu ile imekwisha kuondoka katika hospitali zetu, jina limebaki, na jina hilo lingali linatoa ushauri.

Ushauri wenyewe nimeusikia mara nyingi Taveta, ambako nina jamaa. Mtu akilalamika kwamba vidole vyake vimevimba, huambiwa avae nguo nzito na asifue kwa maji ya asubuhi. Hayo hayana madhara makubwa. Tangu neno "gauti" liingie midomoni mwa watu, hata hivyo, nyongeza imekuja: aache nyama, aache maharagwe, aache kunde, dengu na mbaazi. Husemwa kwa uhakika kama kwamba ni amri, na mwenye maumivu hutii. Anapita katika soko la Taveta siku ya Jumatano au Jumamosi, katikati ya magunia ya maharagwe na mikungu ya ndizi, anarudi nyumbani na mkate mweupe na majani ya chai.

Hapo ndipo lugha inapomdhuru mtu, kwani katika gunia hili moja la baridi yabisi tumetia maradhi yasiyopungua matatu. La kwanza ni jongo, ambalo ndilo hilo gauti: asidi ya yuriki huzidi katika damu, ikafanya fuwele ndani ya kiungo, aghalabu katika kidole gumba cha mguu. La pili ni kuchakaa kwa viungo, hasa magoti na nyonga, kutokana na umri, uzito na kazi. La tatu ndilo ninalotaka kulizungumzia. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe na kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Huanza mara nyingi katika vifundo vidogo vya vidole na viganja, mikono yote miwili. Asubuhi mikono hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Usipotibiwa mapema, hula mifupa. Uharibifu huo huanza katika miezi na miaka ya kwanza, na kiungo kilichokwisha kuharibika hakirejei kilivyokuwa.

Shangazi yangu mmoja, mkulima wa ndizi kando ya Mto Lumi, aliishi na maradhi hayo ya tatu kwa miaka minne akitunza miiko ya maradhi ya kwanza. Miaka minne bila maharagwe! Siku alipopimwa na daktari wa viungo, mbali na Taveta, vidole vyake vilikuwa vimekwisha kupinda upande. Leo anashika kikombe kwa viganja viwili.

Tuanze na mwiko wenyewe. Hata kwa mwenye jongo, kuyakataza maharagwe hakuna msingi imara. Mwaka 2004 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliowafuatilia zaidi ya wanaume 47,000 wa Marekani kwa miaka 12. Walaji wakubwa wa nyama na vyakula vya baharini walipatwa na jongo zaidi. Kunde na mboga zenye purini hazikuongeza hatari hiyo. Kwa mgonjwa wa kinga iliyoasi, mwiko huu wenda ukawa unamnyima kile hasa kinachoweza kumsaidia.

Sababu iko katika utumbo mpana. Humo mnaishi bakteria wasiohesabika, na chakula chao kikubwa ni nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mimea ambayo matumbo yetu hayawezi kuisaga. Wakizipata, huzichachusha na kutoa asidi ndogondogo za mafuta, mojawapo ikiitwa butireti. Butireti hulisha chembe za ukuta wa utumbo ili ukuta usivuje, na tena husaidia aina ya chembe za kinga ambazo kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Bakteria wakikosa nyuzinyuzi, baadhi yao hugeuka na kuula ute unaoulinda ukuta huo; jambo hili limeonekana wazi katika panya wa maabara. Maharagwe, mbaazi, mchicha, ndizi mbichi za kupika, ulezi usiokobolewa: orodha ya chakula cha bakteria hao inakaribia kuwa orodha ya soko la Taveta.

Msomaji anayedhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu na avuke mpaka pale Holili. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Kilimanjaro, jirani kabisa na Taveta, na wanasayansi wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Walishiriki wanaume 77 wenye afya. Waliozoea vyakula vya asili, yaani mboga, jamii ya kunde, ndizi na nafaka, walilishwa kwa wiki mbili vyakula vya mtindo wa kimagharibi, kama vile soseji, mkate mweupe na viazi vya kukaanga. Waliozoea vyakula hivyo vya pili wakapewa vya asili. Kundi jingine la mjini lilikunywa mbege, kinywaji cha Wachaga cha ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Waliohamia vyakula vya kisasa walionyesha dalili zaidi za uvimbe katika damu, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu mbele ya vijidudu. Waliohamia vya asili, na hata wale wa mbege, walielekea kinyume, na baadhi ya mabadiliko yalionekana bado baada ya wiki nne. Wiki mbili tu za soseji!

Nawasihi walimu wasiusome utafiti huu kwa pupa. Walioshiriki walikuwa wanaume, vijana, wazima. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja, wala mgonjwa wa viungo. Na asitokee mtu akaugeuza kuwa ruhusa ya kilabuni: mgonjwa anayemeza methotreksati akichanganya na pombe analiweka ini lake hatarini. Mtindi na uji uliochachushwa havikuwamo katika jaribio hilo, ingawa mimi binafsi sioni ubaya wa kuvinywa.

Wala bakteria hawagawanyiki kirahisi kuwa wema na wabaya. Mwaka 2013 watafiti wa New York walimpata bakteria aitwaye Prevotella copri katika robo tatu ya wagonjwa wapya wa maradhi haya, na katika mmoja hivi kati ya watu watano wenye afya. Lakini bakteria wa ukoo huohuo wamejaa katika matumbo ya wanavijiji wa Afrika wanaokula nafaka na mboga, nao ni wazima. Yaelekea zipo mbari mbalimbali chini ya jina moja. (Naam, hata wanasayansi wana gunia lao.)

Je, wagonjwa wenyewe wamewahi kujaribiwa kwa chakula? Wamejaribiwa. Mwaka 1991 jarida la Lancet lilitoa habari za wagonjwa 53 wa Norwe. Nusu yao walifunga kwa siku saba hadi kumi, kisha wakala mlo usio na nyama kwa mwaka mzima. Maumivu na uvimbe wa viungo vilipungua kuliko kwa wenzao. Hilo si dogo, ila halikuwa kupona.

Ndiyo maana nawapinga kwa nguvu wale wanaohubiri kwamba chakula pekee kinatosha, na zaidi wale wanaouza unga usio na jina wa "kukausha baridi". Katika nchi kadhaa, unga wa namna hiyo ulipopimwa katika maabara ulikutwa umetiwa dawa za steroidi, ambazo huondoa maumivu kwa haraka huku zikidhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Dawa halali zipo. Methotreksati imetumika kwa miongo mingi, si ya bei ya kutisha, na humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumewaua watu. Iko pia sulfasalazini, iliyobuniwa na daktari Nanna Svartz wa Uswidi kwa ajili ya viungo, miongo mingi iliyopita. Nayo, ajabu, haifanyi kazi mpaka bakteria wa utumbo waivunje vipande viwili. Chakula na dawa hukutana palepale tumboni, na anayemtaka mgonjwa achague kimoja anamkosesha vyote.

Nikirudi katika fani yangu, napendekeza tuligawe gunia. Jongo libaki jongo, kwa kuwa ni neno zuri la Kiswahili lisilohitaji kusukumwa na gauti. Maradhi ya pili tuyaite uchakavu wa viungo. Ya tatu tuyaite yabisi ya kinga: yabisi ibaki kwa sababu ukakamavu wa asubuhi ni wa kweli na mgonjwa anaujua, na baridi iondolewe kwa sababu haina hatia. Wapo watakaosema kwamba maneno hayatundikwi na mhadhiri bali huota yenyewe mitaani. Ni kweli. Lakini neno UKIMWI halikuota mitaani. Lilitungwa, likafundishwa, na leo hakuna asiyelijua.

Walimu wa Kiswahili na wa sayansi wangeweza kuanza muhula ujao, katika somo moja la pamoja. Wanafunzi waandike majina yote ya maumivu ya viungo yanayotumika nyumbani kwao, kwa Kitaveta, Kitaita, Kikamba, Kichaga na Kiswahili, na mbele ya kila jina waandike vyakula ambavyo mgonjwa hukatazwa. Kisha waulize nyumbani iwapo yuko mtu ambaye vidole vya mikono yote miwili vimevimba kwa zaidi ya wiki sita na hukakamaa kila asubuhi. Akiwapo, apelekwe hospitali apimwe damu mwezi huu, na sufuria ya maharagwe irudishwe jikoni.